Mwalimu wa falsafa ameombwa kuongoza kitivo: akubali?

"Nimefundisha falsafa chuo kikuu kwa miaka 16. Maadili, na hasa ya mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, ndiyo maisha yangu. Nina mswada wa kitabu uliofika sura ya nne. Mwezi uliopita wenzangu walinipendekeza nigombee ukuu wa kitivo. Mke wangu anasema nikubali, kwa sababu kila siku narudi nyumbani nikilalamika jinsi wanafunzi wanavyokaririshwa. Rafiki yangu wa idara anasema mshika mbili moja humponyoka: mwanafalsafa akiingia utawala haandiki tena, wala haongozi, kwa kuwa watu wa falsafa wanaishi mawinguni. Nimesoma habari za John Silber, yule mwalimu wa Kant aliyekuja kuwa rais wa Chuo Kikuu cha Boston, na nimeshindwa kuamua kama nimwige au nimwogope. Je, mtu wa falsafa anaweza kuongoza chuo na kurekebisha elimu bila kupoteza falsafa yake? Na nitajuaje kama mtu huyo ni mimi?"

Mwalimu mwenzangu,

Nimelisoma swali lako mara mbili, na mara ya pili nilikaa zaidi kwenye ile sura ya nne kuliko kwenye Boston. Naona una hofu mbili na umezichanganya. Moja ni ya kupoteza kitabu, nyingine ni ya kushindwa kazi. Ya kwanza ina msingi kabisa. Ya pili nayo ina msingi, ila si ule aliokutajia rafiki yako. Nasema hivi kama mtu aliyefundisha maadili kwa miaka mingi, akawa mkuu wa kitivo kwa vipindi viwili, na ambaye sasa kazi yake ni kukaa na wahadhiri wanaokaribia kuvuka mlango huo.

Tuanze na mawingu. Kwa muda mrefu mtu wa falsafa hakuwa mgeni katika ofisi ya mkuu wa chuo. Chuo Kikuu cha Berlin kilifunguliwa mwaka 1810, na rekta wake (yaani mkuu wa chuo) wa kwanza kuchaguliwa, mwaka 1811, alikuwa mwanafalsafa Johann Gottlieb Fichte. Katika vyuo vya Marekani vya karne ya 19 ilikuwa desturi rais wa chuo mwenyewe kuwafundisha falsafa ya maadili wanafunzi wa mwaka wa mwisho. James McCosh, aliyeongoza chuo tunachokiita leo Princeton kuanzia 1868 hadi 1888, na Noah Porter, aliyeongoza Yale kuanzia 1871 hadi 1886, wote walikuwa wanafalsafa. Huko India, Sarvepalli Radhakrishnan aliongoza vyuo vikuu viwili kabla ya kuwa rais wa nchi. Hao hawakuwa watu wa mawinguni.

Na ujuzi wetu unafaa kazini kuliko wengi wanavyodhani. Wiki yangu ya tatu ofisini waliletwa kwangu wanafunzi wawili wenye shida moja: kila mmoja amefeli somo moja la lazima, tena kwa alama zilezile. Idara moja ilimruhusu mwanafunzi wake arudie mtihani. Nyingine ilimwambia wa kwake arudie mwaka mzima. Nikafungua kitabu cha kanuni. Kiliandika hivi: "Mwanafunzi aliyefeli somo moja anaweza kurudia mtihani." Idara zote mbili zilikuwa zimeitii kanuni ile! Moja ilisoma "anaweza" kama haki ya mwanafunzi, nyingine ikaisoma kama hisani ya mkuu wa idara. Neno moja tu, na mtoto wa watu anapoteza mwaka. Kwenye kamati niliuliza swali moja: hapa anayeamua ni nani? Pakawa kimya, kisha yakafuata mabishano ya saa mbili, na tukatoka na maneno "ana haki ya kurudia mtihani mara moja". Jicho la kuona kwamba neno hilo linabeba mambo mawili nilikuwa nimelipata darasani, kwa kuwauliza wanafunzi wangu mwaka baada ya mwaka kama "lazima" ya fizikia ndiyo "lazima" ya maadili.

Kinachotuangusha ni kitu kingine, na hapa nakuomba subira nieleze taratibu, maana ndicho kiini cha jibu langu. Kinachotuangusha ni kuamini kwamba hoja ikishashinda, kazi imekwisha.

Fikiria semina yako ya Alhamisi. Mtu anatoa hoja, mwingine anaibomoa, na aliyebomolewa anakubali, anakusanya karatasi zake na kwenda kunywa chai. Kwa nini imekuwa rahisi kwake kukubali? Kwa sababu hakupoteza chochote. Mshahara wake, kozi zake na ofisi yake viko palepale. Sasa peleka hoja bora kuliko hiyo kwenye seneti: kwamba kozi tatu za mwaka wa kwanza zinarudia jambo lilelile na zinafaa ziunganishwe. Hoja yako haina tundu. Lakini kila kozi ni mzigo wa kazi wa mtu fulani. Ukiiondoa, saa zake za kufundisha zinashuka chini ya kiwango cha mkataba, idara yake inakosa sababu ya kuomba mhadhiri mpya, na msaidizi wake hana tena la kusahihisha. Mtu huyo hatasimama kusema "naogopa kwa ajili ya nafasi yangu". Atasimama kusema kwamba pendekezo linahitaji utafiti zaidi. Wewe utajibu hoja ya utafiti, utaishinda, na utatoka kikaoni ukishangaa kwa nini kura zimekuangusha. Ulijibu aliyoyasema, hukujibu alichouliza. Alichouliza ni: na mimi nitafundisha nini?

Fichte mwenyewe alijifunza hilo kwa uchungu. Mwanafunzi Myahudi alishambuliwa na mwenzake aliyetaka wapigane kwa silaha, kama ilivyokuwa desturi ya wanafunzi wa enzi ile. Yule kijana alikataa, akaja kushtaki kwa rekta. Fichte, aliyechukia desturi hiyo, alimtetea. Baraza la nidhamu likamwadhibu hata aliyeshambuliwa, na wenzake wengi hawakusimama na rekta wao. Mwaka 1812 aliomba kuachia ngazi, hata kabla ya kumaliza kipindi. Nikiisoma kesi ile leo naona alikuwa na haki. Alikuwa na haki, na alikuwa peke yake.

Sasa hili la kukaririsha, ambalo ndilo sababu ya maana ya kukufanya ukubali. Wengi wakiingia ofisini huanza na semina ya kuwahimiza wahadhiri wafundishe kwa kufikirisha. Semina hupita, na mambo hubaki yalivyo. Fuata uzi nyuma uone. Mwanafunzi anakariri kwa sababu mtihani unamwomba arudishe alichopewa. Mtihani uko hivyo kwa sababu mhadhiri mmoja ana marundo ya vitabu vya majibu na wiki mbili za kuyamaliza, na jibu la kukariri husahihishwa haraka kuliko insha inayojenga hoja. Ana marundo hayo kwa sababu darasa ni kubwa, na darasa ni kubwa kwa sababu ada za wanafunzi hao ndizo zinazoziba pengo la bajeti. Kila kiungo cha mnyororo huo kina mtu mwenye sababu nzuri. Mkuu wa kitivo hana uwezo wa kukata kiungo cha mwisho. Bajeti ya chuo kwa sehemu kubwa ni mishahara, na fungu linalobaki mkononi mwake ni dogo kuliko utakavyodhani. Kiungo cha mtihani anaweza kukigusa. Anaweza kupitisha kwamba robo ya alama za kila kozi itoke kwenye maandishi mafupi yanayosahihishwa muhula mzima, na anaweza kuwapa wanafunzi wa uzamili kazi ya kusaidia kusahihisha ili mzigo usimwangukie mhadhiri. Linaonekana dogo, lakini ndilo linalobadilisha jinsi mwanafunzi anavyosoma usiku.

Turudi kwa Silber. Nimeishi na habari za mtu huyu kwa miaka mingi, na ushauri wangu ni usimwige wala usimwogope. Msome tu kwa makini. Alizaliwa San Antonio, Texas, mwaka 1926. Alisomea falsafa Yale, akafundisha Chuo Kikuu cha Texas, akawa mwenyekiti wa idara ya falsafa, na mwaka 1967 akawa mkuu wa kitivo cha sanaa na sayansi. Alipigania kufunguliwa kwa chuo kile kwa watu wa rangi zote, aliongoza chama cha kupinga adhabu ya kifo Texas, na alikuwa miongoni mwa walioupigania mpango wa Head Start wa kuwaandaa watoto wa familia maskini kabla hawajaanza shule. Mwaka 1970 mwenyekiti wa bodi ya chuo alimng'oa kwenye ukuu wa kitivo baada ya mvutano, mojawapo ya mambo yaliyogombaniwa likiwa mpango wa kukigawa kitivo hicho. Mtu mwingine angerudi darasani. Yeye mwaka 1971 alikuwa rais wa Chuo Kikuu cha Boston, akakaa hapo hadi 1996.

Aliyoyafanya Boston yanaonekana kwa macho. Mfuko wa wakfu wa chuo, uliokuwa chini ya dola milioni 20, ulivuka dola milioni 400. Waandishi Elie Wiesel, Derek Walcott na Saul Bellow, wote washindi wa Tuzo ya Nobel, walifundisha pale. Lakini mwaka 1976 wahadhiri walipiga kura ya kutaka aondolewe, bodi ikambakiza. Mwaka 1979 waligoma. Watu waliofanya naye kazi waligawanyika kati ya waliomwona mkombozi wa chuo na waliomwona mtawala wa mabavu, na ukisoma pande zote mbili utaona zinaeleza tabia ileile moja: mtu anayeamini kwamba akishaona ukweli wa jambo, kulijadili zaidi ni kupoteza muda. Ndiyo tabia iliyomwezesha kukikwamua chuo haraka. Ndiyo pia iliyowafanya wahadhiri wake waingie barabarani na mabango.

Usiache kuangalia upande wa shule, maana umeuliza kuhusu kurekebisha elimu. Mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Boston kilikubaliana na mji jirani wa Chelsea, mji maskini wenye familia nyingi za wahamiaji, kiendeshe shule zake za umma. Wengi hawakutarajia chuo kibaki. Kilibaki hadi 2008. Miaka karibu 20! Hapo ndipo namheshimu zaidi, kwa sababu elimu ya mtoto haigeuki ndani ya kipindi kimoja cha uongozi, na yeye alikubali kufungwa na mkataba mrefu mahali pasipokuwa na sifa ya kuvuna upesi. Baadaye, kuanzia 1996 hadi 1999, aliongoza bodi ya elimu ya jimbo la Massachusetts. Mwaka 1998, mtihani mpya wa wanaotaka kuwa walimu ulipofanywa kwa mara ya kwanza, asilimia 59 walifeli. Habari hiyo iliitikisa nchi nzima. Alikuwa sahihi kutaka mwalimu awe anajua kuandika sentensi sawasawa. Lakini takwimu ikitangazwa kwa kishindo, walimu walio darasani tayari husikia wanatukanwa, na hao ndio unaowahitaji kesho yake asubuhi ili mageuzi yaende.

Mfano mwingine ni Alexander Meiklejohn, mwanafalsafa aliyekuwa rais wa chuo cha Amherst, Marekani, kuanzia 1912 hadi 1923. Wanafunzi walimpenda kiasi kwamba alipolazimishwa kuondoka baadhi ya wahitimu walikataa kupokea shahada zao. Walimu wa zamani wa chuo hawakumpenda hivyo, na hesabu zake za fedha za nyumbani zilikuwa na madeni yaliyowapa wapinzani wake silaha. Miaka minne baadaye, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, alianzisha chuo kidogo cha majaribio ambamo mwaka wa kwanza wote ulikuwa wa kuisoma Athene ya kale na wa pili Marekani ya wakati wao, bila mafungu ya masomo kama tulivyozoea. Kilifungwa 1932. Wazo lake lilikuwa zuri kuliko mengi niliyoyaona kwenye maandiko ya sera. Halikuwa na watu wa kutosha wa kulishika nje ya yeye na vijana wake.

Sasa kitabu chako. Mwaka 1960 ilitolewa upya tafsiri ya Kiingereza ya kitabu cha Kant kuhusu dini, safari hii ikiwa na insha ndefu ya Silber mwanzoni, kazi ambayo wasomi wa Kant waliendelea kuirejelea. Ungetarajia kitabu kizima kifuate upesi. Kitabu chake kikubwa kuhusu maadili ya Kant kilitoka 2012. Alifariki Septemba mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 86. Miaka 52, Mwalimu. Tofautisha na Radhakrishnan: juzuu zake mbili za falsafa ya Kihindi zilitoka 1923 na 1927, na ndipo mwaka 1931 akashika Chuo Kikuu cha Andhra, kisha kile cha Banaras kuanzia 1939 hadi 1948. Alipopewa kuongoza tume ya elimu ya vyuo vikuu ya India mwaka 1948, akapendekeza miaka 12 ya masomo kabla ya chuo kikuu na chombo cha kugawa ruzuku kwa vyuo, tayari alikuwa amesema neno lake kama mwanafalsafa. Hakuwa na sura ya nne inayomwita usiku.

Kinachokula kitabu si wingi wa kazi peke yake. Mkuu wa kitivo anaweza kupata saa tatu tupu kwa siku, lakini zimekatwakatwa: dakika 20 kabla ya kikao, 40 baada ya mgeni, nusu saa kabla ya kusaini vocha. Barua zinajibika katika vipande hivyo. Hoja ya kurasa 30 haijengeki humo, kwa kuwa kila ukirudi unaanza kwa kukumbuka ulipoishia. Mimi niliokoa asubuhi mbili kwa wiki, na nilizipata kwa kumweleza katibu wangu siku ya kwanza, kabla shajara haijajaa. Aliyenitangulia alisubiri mambo yatulie kwanza. Hayakutulia.

Kwa hiyo una njia tatu. Unaweza kukataa na kubaki darasani; hilo si woga, na kama moyoni huwezi kutaja jambo moja katika elimu unalotaka libadilike na lisiloweza kubadilishwa kutoka darasani kwako, basi kataa kwa amani. Unaweza kuomba uenyekiti wa kamati ya mitaala kwa miaka miwili huku ukimaliza kitabu. Cheo hakina gari wala marupurupu, lakini mitihani hupitia hapo, na utajipima kama unaweza kukaa na watu wasiokubaliana nawe bila kutaka kuwashinda. Au unaweza kukubali ukuu wa kitivo kwa kipindi kimoja, kwa masharti yaliyoandikwa: kozi moja ya kufundisha kila mwaka, asubuhi zako mbili, na likizo ya utafiti ya mwaka mzima ukimaliza.

Kwa ulivyojieleza, mimi ningekuelekeza kwenye ile ya pili. Mke wako ameona kweli kwamba suala la kukaririsha linakuuma, na lina haki ya kukuuma. Rafiki yako naye ameona kwamba mikono yako imeshika kitu kingine. Kamati inakupa mageuzi bila kukunyang'anya sura ya tano. Na wenzako wakikuona ukiunganisha kozi mbili huku mwenye kozi iliyoondolewa akitoka na kazi nyingine anayoipenda, miaka miwili baadaye watakupendekeza tena, na safari hiyo utakuwa na kura ambazo hoja peke yake haizileti.

Lakini mimi sikijui chuo chako, na kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyaamua. Kabla hujajibu, nenda ukakae na mkuu wa kitivo anayeondoka, si kwenye kikao bali mahali mnapoweza kuzungumza saa nzima. Mwombe mhasibu wa kitivo akufungulie bajeti ya mwaka uliopita, akuonyeshe kwa kidole fungu ambalo mkuu anaweza kuligusa mwenyewe. Barua ya uteuzi usiisaini mpaka mwanasheria wa ajira ameisoma, hasa kama haisemi utarudi kwenye nafasi gani ya ualimu kipindi kikiisha. Ikiwa kitivo kiko kwenye mgogoro tayari, yaani mgomo, kesi mahakamani au ukaguzi wa fedha ambao haujafungwa, usiingie kabla ya kuzungumza na mtu wa nje aliyewahi kusuluhisha migogoro ya namna hiyo. Na kama swali hili limeanza kukunyima usingizi au hamu ya kula, mwone daktari au mshauri nasaha sasa; wahadhiri wengi hufika kwangu wakiwa wamechoka miezi mingi kabla ya uteuzi, na kazi hii haimpumzishi mtu.

Mkuu anayeondoka ukimpata, muulize swali moja kwa niaba yangu: ni jambo gani alilolishinda kwa hoja likaja kufa kwenye utekelezaji, na nani aliliua. Akilijibu bila hasira, muombe akae nawe tena wiki inayofuata.